Kutoka Mjengoni Hadi City Hall: Mwongozo wa Fundi Anayetaka Uwakilishi Wadi Nairobi

Kaunti ya Nairobi ina wadi 85. Sehemu kubwa ya kazi ya mwakilishi wadi ni kufuatilia vitu ambavyo mafundi huvishika kwa mikono kila siku: mitaro ya maji ya mvua, barabara za mitaani, taa, masoko, madarasa ya chekechea, zahanati, vyuo vya ufundi vya kaunti. Mwashi, welda, fundi umeme au fundi wa mifereji anajua kwa nini kalveti imezama kabla mvua ya pili haijanyesha. Ujuzi huo una nafasi katika sheria yenyewe. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 9, inataja kuwa mojawapo ya kazi za mwakilishi ni kuleta ujuzi wake wa kitaaluma au wa kikazi katika mijadala ya bunge la kaunti.

Kifungu hichohicho kinamkataza asifanye kazi za utendaji za kaunti wala kutoa huduma kana kwamba yeye ni mfanyakazi wake. Hapo ndipo mafundi wengi huteleza. Wanaomba kura kwa kuahidi kuziba mashimo wenyewe, na wakishaingia wanajikuta wakishika koleo mahali ambapo walitumwa kushika kalamu. Fundi huenda City Hall, liliko bunge la kaunti, kwa sababu ya jicho lake. Zana zinabaki nyumbani.

Safisha daftari lako kwanza

Katiba inasema uchaguzi mkuu hufanyika Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano. Ujao basi utakuwa tarehe 10 Agosti 2027. Kabla ya kutengeneza bango hata moja, chukua daftari uandike kila mteja ambaye bado mna hesabu naye: jina, kazi, pesa ulizopokea, kilichobaki, na tarehe ya kukamilisha. Anza na waliolipa malipo ya awali na kazi haijaisha. Mtaani, fundi aliyekula pesa ya mtu hasahauliki, na mpinzani wako atamtafuta mteja huyo kabla yako. Kama huwezi kurudisha pesa zote, andikianeni makubaliano ya awamu na ulipe kwa M-Pesa ili kila shilingi iwe na ushahidi.

Fanya vivyo hivyo na watu wako wa mkono. Kibarua uliyemkata mshahara wa wiki mbili ana ndugu, majirani na kikundi cha akiba, na wote wana kura.

Sasa angalia sheria. Kifungu cha 193 cha Katiba kinataka mgombea awe amejiandikisha kuwa mpigakura, atimize masharti ya elimu na maadili, kisha ateuliwe na chama au asimame kama mgombea huru akiungwa mkono na wapigakura 500 au zaidi waliosajiliwa katika wadi hiyo. Awe raia wa Kenya kwa angalau miaka 10 kabla ya uchaguzi. Anayefilisika kwa amri ya mahakama na hajaondolewa amri hiyo hawezi kugombea. Deni la kawaida si kufilisika: mkopo wa sacco uliochelewa au jina kuwa CRB, ofisi inayoweka rekodi za wakopaji, havikuzuii kikatiba. Anayetumikia kifungo cha miezi sita au zaidi anazuiwa pia, ila kizuizi hakianzi mpaka nafasi zote za rufaa ziishe. Ukiwa umeajiriwa na serikali, hata kama ni fundi wa matengenezo katika hospitali ya umma, unatakiwa kujiuzulu miezi sita kabla ya uchaguzi.

Kuhusu digrii: mwaka 2021 Mahakama Kuu ilitangaza kuwa kumlazimisha mwakilishi wadi awe na digrii kunakiuka Katiba, na mwaka 2022 watu waligombea bila digrii. Kwa hiyo usinunue cheti. Cheti bandia ni kosa la jinai, na EACC, tume ya kupambana na ufisadi, imewafikisha watu kortini kwa sababu hiyo hata baada ya kukaa ofisini kwa miaka. Kama ujuzi wako ni wa mikono tu, fanya jaribio la NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, upate gredi yako. IEBC, tume ya uchaguzi, haikuulizi gredi hiyo, lakini itakusaidia siku ambapo mhandisi wa kaunti atakuuliza mbele ya kamati wewe ni nani wa kupinga ripoti yake.

Jambo dogo linaloangusha watu ni jina. Kitambulisho, daftari la wapigakura na orodha ya chama lazima viseme jina moja, kwa herufi zilezile. Kama wadi nzima inakujua kwa jina la kazi na unataka lionekane kwenye karatasi ya kura, badilisha jina kisheria kupitia wakili, litangazwe kwenye Gazeti Rasmi, kisha urekebishe kitambulisho. Safari hiyo inapita ofisi kadhaa, kwa hiyo ianze mwaka mmoja kabla.

Kundi kabla ya kiti

Tom Mboya alikuwa mkaguzi wa afya wa Baraza la Jiji la Nairobi. Kabla ya kuchaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1957, tayari alikuwa ameunda chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa na kujifunza kuendesha mikutano, kuweka orodha za wanachama na kujadiliana na mwajiri mezani. Watu walimjua kwa kazi aliyowafanyia kabla hajaomba kura. Fundi wa Kariobangi au Kamukunji anaweza kufuata njia hiyo leo: sajili kikundi cha mafundi wa eneo lako, kiwe na mwenyekiti, katibu na mhazini, akaunti ya benki na kumbukumbu za kila mkutano. Kikundi cha watu 60 wanaokutana kila mwezi na kutoa mchango mdogo kina thamani kuliko umati wa watu 1,000 waliokodiwa kwa siku moja. Hao 60 ndio watakaokuwa mawakala wako vituoni.

Chama au mgombea huru

Ukitaka tikiti ya chama, soma kanuni zake za mchujo na ada zake mapema, maana kila chama kina zake. Ukipokonywa cheti cha uteuzi kwa hila, anza na ngazi ya malalamiko ndani ya chama, kisha nenda kwenye jopo la kutatua mizozo ya vyama vya kisiasa. Muda wa mizozo hii ni siku chache, na anayechelewa kwa sababu anatafuta wakili hupoteza hata akiwa na haki. Tafuta wakili wako kabla ya mchujo.

Ukitaka kuwa huru, kifungu cha 85 cha Katiba kinakutaka usiwe mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya siku ya uchaguzi. Piga *509# uone kama umeandikishwa mahali bila kujua. Wakenya wengi walishtuka mwaka 2021 walipokuta majina yao kwenye vyama ambavyo hawajawahi kujiunga navyo. Ukikuta jina lako, jiondoe na uhifadhi uthibitisho.

Hao 500 wanaokuunga mkono wasiwe 500 kamili. Kusanya 700. Wengine watagundulika wamejiandikisha wadi jirani, wengine watakuwa wamekosea tarakimu moja ya kitambulisho, wengine wamesaini pia kwa mpinzani. Chukua watu wasio wanachama wa chama chochote, na hakiki kila jina dhidi ya daftari la wapigakura jioni ileile lilipoandikwa. Ukiacha uhakiki hadi wiki ya mwisho, huwezi tena kuziba mapengo.

Katika uchaguzi wa 2022 ada ya IEBC kwa nafasi hii ilikuwa shilingi 5,000, na 2,500 kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ada basi si tatizo. Pesa huliwa na usafiri, mabango, vipaza sauti na mawakala, na hawa wa mwisho ndio wa kuwekewa akiba ya kwanza. Kugawa pesa, unga au pombe ili upate kura ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016, anayetoa na anayepokea wote.

Kampeni ya mtu anayejua kupima

Chagua miradi mitatu ya kaunti iliyoharibika katika wadi yako na ieleze kwa vipimo. Sema mtaro huu umefurika kwa sababu kalveti ya kipenyo cha milimita 300 imeunganishwa na mtaro wa milimita 600, hivyo maji hayana pa kupita. Kauli hiyo inakaa kichwani mwa mpigakura, na mpinzani ataipinga tu akienda na futi yake.

Lakini hakikisha kwanza mradi ni wa nani. Barabara kubwa za Nairobi ziko chini ya KURA au KeNHA, mamlaka za taifa za barabara za mijini na barabara kuu. Za mitaani ni za kaunti. Shule ya msingi ni ya serikali kuu, na nyingi zimejengwa kwa pesa za NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge. Chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, ni vya kaunti. Nguzo ya Kenya Power si ya kaunti, taa ya barabarani ya mtaani huwa ya kaunti. Ukimlaumu mtu asiyehusika mbele ya wazee wa mtaa, umepoteza jina la mjuzi kwa dakika moja.

Stakabadhi za mkataba unaweza kuziomba hata kabla hujachaguliwa. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa kila raia haki hiyo, na ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu. Andika barua fupi: jina la mradi, mahali, mwaka wa bajeti, na karatasi unazotaka, yaani mkataba, orodha ya vipimo na bei ambayo mafundi wanaiita BQ, na vyeti vya malipo. Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri huna barua.

Siku ya kura

Kituo kimoja cha kupigia kura mwaka 2022 kilikuwa na wapigakura wasiozidi 700. Hesabu vituo vya wadi yako, si shule. Shule moja inaweza kuwa na vituo vinane, na kila kimoja kinahitaji wakala wako. Kwa vituo 40, andaa mawakala 40 na wa akiba wanane. Chakula cha wakala kimfikie ndani ya kituo kabla ya saa saba mchana, kwa sababu wakala aliyetoka kutafuta chapati ndiye ambaye hakuona kilichofanyika.

Matokeo ya mwakilishi wadi huandikwa kwenye Fomu 36A kituoni, kisha hujumlishwa kwenye 36B ya wadi. Wakala asaini akiwa ameridhika, aandike sababu akiwa hajaridhika, na kwa vyovyote apige picha ya fomu iliyobandikwa mlangoni. Tarakimu zinaposomwa kwenye simu pekee, 61 hugeuka 16. Weka mtu mmoja nyumbani mwenye daftari la mistari, ajumlishe kituo kwa kituo. Ukiona tofauti na 36B, unaweza kwenda Mahakama ya Hakimu ndani ya siku 28 tangu matokeo yatangazwe, ukiweka dhamana ya gharama ya shilingi 100,000. Kesi huamuliwa ndani ya miezi sita. Bila picha za 36A, usijaribu.

Miezi ya kwanza ndiyo yenye pesa

Ukishaapishwa utapewa Kanuni za Kudumu. Zisome mara mbili. Bunge la kaunti kwa kawaida hukaa Jumanne, Jumatano na Alhamisi, na Jumatano huwa na vikao viwili. Chini ya kifungu cha 194 cha Katiba, ukikosa vikao vinane bila ruhusa ya maandishi ya Spika unaweza kupoteza kiti. Kwa vikao vinne kwa wiki, hizo ni wiki mbili tu za kuwa mjengoni mwa mtu. Unaweza kuchangia kwa Kiswahili. Ukianza kwa lugha moja, maliza kwa lugha hiyo.

Kalenda ya bajeti ndiyo msumeno wako sasa, na inaanza upesi. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka mpango wa maendeleo wa mwaka ufikishwe bungeni kufikia tarehe 1 Septemba, mpango mkakati wa fedha kufikia 28 Februari, makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili, na yote yapitishwe kufikia 30 Juni. Pesa za kaunti haziwezi kutengwa nje ya mipango iliyopitishwa. Mtaro ambao haumo katika mpango wa miaka mitano wala wa mwaka hautapata senti, hata upige kelele kiasi gani mwezi wa Mei. Mpango wa miaka mitano huandikwa upya mwanzoni mwa kila muhula, kwa hiyo katika miezi hiyo ya kwanza fanya mikutano mtaa kwa mtaa, andika kila mradi na urefu wake kwa mita, na uupeleke kwa maandishi. "Mitaro ya wadi" ni maneno matupu. "Mtaro wa mita 240, upana wa milimita 600, wenye mfuniko wa zege, kutoka lango la soko hadi mtoni" ni kitu kinachoweza kupangiwa bei.

Katika kamati, omba BQ ya kila mradi na uipime kichwani. Chukua mfuniko wa zege wa mita 100 kwa upana wa 0.6 na unene wa 0.1: hiyo ni mita za ujazo 6. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4, yaani simiti, mchanga na kokoto, kila mita ya ujazo hula mifuko sita na ushee ya simiti ya kilo 50, kwa hiyo kazi yote ni kama mifuko 40. BQ ikisema 90, uliza. Ikisema 20, uliza kwa sauti zaidi, maana zege hilo litapasuka lori la kwanza likipita.

Nondo zipimwe kwa mizani, kwa sababu nyembamba zimejaa sokoni na macho hayazitambui. Nondo ya D12, yaani ya kipenyo cha milimita 12, yenye urefu wa mita 12 inapaswa kuwa karibu kilo 10.7, ya D10 karibu 7.4, ya D8 karibu 4.7. Kipande cha mita moja kinatosha: D12 ni gramu 888. Tofauti ndogo inavumilika, ila ukikuta gramu 700 mkandarasi amenunua kitu kingine kabisa. Kabro, yaani matofali ya zege ya kutandaza chini, ya unene wa milimita 60 ni ya miguu na magari madogo. Mahali pa malori ya taka na matangi ya maji panataka 80. Uliza pia kama zege lilimwagiliwa maji kwa siku saba na kama kuna ripoti za vipande vya majaribio vya siku 7 na siku 28. Ukiambiwa ripoti zipo ofisini, ziombwe ziletwe mbele ya kamati na ziingie kwenye kumbukumbu.

Usisimamishe kazi wala kumfukuza fundi wa kontrakta ukiwa pale. Huna mamlaka hayo, na mkandarasi atatumia kelele zako kudai fidia ya kuchelewa. Piga picha zenye kitu cha kulinganisha ukubwa, andika tarehe, rudi bungeni uombe taarifa. Ombi zuri la taarifa lina maswali machache yanayojibika:

"Mheshimiwa Spika, naomba taarifa kutoka kwa mwenyekiti wa kamati husika kuhusu mtaro wa barabara ya soko. Taarifa ieleze: moja, thamani ya mkataba na kiasi kilicholipwa hadi leo, mbili, unene wa mfuniko uliotajwa kwenye BQ na uliopimwa kwenye kazi, tatu, jina la afisa aliyesaini cheti cha kukamilika, nne, kipindi cha dhamana ya kasoro kinaisha lini."

Swali la nne ndilo lenye meno. Sehemu ya malipo ya mkandarasi kwa kawaida hushikiliwa mpaka kipindi hicho kiishe, na kasoro ikigunduliwa kabla ya hapo, anairekebisha kwa gharama yake. Kikishapita, mlipa kodi analipa mara ya pili.

Ukitaka kitu kidumu kuliko muhula wako, leta mswada. Utasomwa mara ya kwanza, utaenda kwa kamati na kwa wananchi watoe maoni, utajadiliwa, kisha kupigiwa kura. Gavana ana siku 14 za kutia saini au kuurudisha na sababu. Akiurudisha, bunge linaweza kuupitisha vilevile kwa thuluthi mbili. Mswada unaogusa pesa za kaunti upeleke kwa kamati ya fedha na bajeti mapema, la sivyo utafia mezani.

Karakana yako

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inazuia maafisa wa serikali kuingia mikataba na taasisi za umma, na mwakilishi wadi ni afisa wa serikali chini ya Katiba. Kampuni yako iliyosajiliwa na NCA, mamlaka ya ujenzi, haiwezi kuweka milango ya soko la kaunti. Kumwandikisha mke, kaka au mtu wako wa mkono kama mwenye kampuni ni mtego uleule, na ni rahisi kufuatiliwa kwa sababu majina ya wakurugenzi yako wazi. Kabla ya kuapishwa, kabidhi karakana kwa mtu mwingine kwa makubaliano yaliyoandikwa, na itangaze kwenye fomu ya mali. Jambo linalogusa biashara hiyo likija mbele ya kamati yako, sema una maslahi, toka nje, na hakikisha karani ameandika kuwa ulitoka.

Usiache leseni zako zife. Fundi umeme aendelee kuhuisha ile ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, na kadi ya fundi wa NCA ilipiwe kila inapodaiwa. Muhula ni miaka mitano na hakuna ahadi ya wa pili. Anayerudi mtaani akiwa na leseni hai anaanza kazi wiki hiyohiyo. Iliyolala miaka mitano inaweza kumrudisha kwenye foleni. Nakala za BQ, barua zenye muhuri na picha za miradi zipange kwa mtaa na kwa mwaka, na umwachie anayekuja seti moja kamili, kwa sababu dhamana nyingi za kasoro zitaisha akiwa yeye kwenye kiti.